Mweupe Asiyegeuka

Mwenzangu uko? Niko foleni hospitali na dada yangu.

Asubuhi kaja kazini kwangu, kliniki ya wanyama, mwanawe mgongoni na watoto wanne wa paka kwenye boksi. Mama yao ana milia ya kijivu. Watatu wamemfuata mama, mmoja mweupe pe, macho ya buluu.

"Huyu katoka wapi?"

Mimi na ujuaji wangu nikaanza: kamrithi baba. Weupe huo ukitoka kwa mzazi mmoja tu unatosha, unafunika rangi zote nyingine. Na wengine wa hivyo huzaliwa hawasikii.

Nikapiga makofi nyuma ya huyo mweupe kumwonyesha dada. Wenzake wakaruka. Yeye anajilamba tu.

Nikacheka. Unaamini? Nilicheka!

Dada hakucheka. Akamshusha mtoto, akamkalisha mezani, akazunguka nyuma yake, akapiga makofi.

Mtoto hakugeuka.

Akapiga tena. Na tena, mpaka wale paka watatu wakajibanza kwenye kona ya boksi. Mtoto anachezea vidole vyake.

Dada akaniambia taratibu, "Miezi tisa namwita. Nilidhani ni mpole."