Trekta la Kwenye Bango

Alhamisi, 17 Oktoba

Sare za kwaya, bado kumi na nne. Vifungo vya dhahabu havikutosha, mgongoni nimeweka vyeusi, hawataona. Mteja alikuja kuchukua gauni, nikamwambia elfu kumi na nane. Akacheka. "Mwenye trekta unang'ang'ania elfu tatu?" Akaacha kumi na tano juu ya cherehani, akaondoka zake. Si wa kwanza.

Mabango ya benki yana miezi mitatu sasa. Moja liko hapa Mwanjelwa, jingine Uyole, jingine Mafinga. Mimi juu ya trekta jekundu, meno yote nje. MIMI NIMESHINDA. WEWE JE? Kwenye bahati nasibu yao nilishinda chupa ya chai na mwavuli. Aliyeshinda trekta alikataa kupigwa picha, alisema ana ndugu wengi. Benki wakanipandisha mimi. Nilisaini karatasi zao za Kiingereza juu ya boneti nikidhani ni za kupokelea chupa. Yule alikuwa na akili kuliko mimi.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani wamenitangaza mgeni rasmi wa harambee ya mabati. Hakuna aliyeniuliza. Nilitoa elfu kumi. Katibu akaigeuza ile noti, kama vile upande wa pili kuna nyingine. Nimekasirika mpaka sasa hivi.

Jumatano, 23 Oktoba

Kaka Festo kapiga simu kutoka Igowole. Si kawaida yake, vocha anaionea uchungu. Eti geti la kupitisha trekta liwe na upana gani. Nikacheka. Habari ya chupa nilishamweleza Julai, kwa simu, na siku hiyo tulicheka wote. Nikamjibu mita tatu na nusu, kaka, na ukumbuke tela. Akasema sawa.

Nimefurahi kumsikia anatania. Tangu baba afariki amekuwa mtu wa kununa. Yeye ndiye anayekaa na mama, na shamba lote analilima yeye na maksai wake wawili. Mahindi ninayokula hapa mjini yanatoka kwake.

Jumanne, 5 Novemba

Mama kapiga. Festo ameuza maksai. Wote wawili. Amenunua mabati, amejenga banda, ameweka geti la mita tatu na nusu. Mama anataka kujua trekta linakuja na dereva wake au Festo atafute mtu.

Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikampigia Festo. Nikamwambia hakuna trekta, kaka, ni chupa ya chai tu. Akanikatisha. "Usiyaongelee hayo kwenye simu, Yusta. Watu wana masikio. Tutaongea ukija nalo." Akakata.

Ndipo nikaelewa. Julai alikuwa na watu pembeni. Alidhani nimetaja chupa ili kuficha, kama tunavyofanya sote kwetu. Mtu akivuna magunia arobaini anasema kumi, macho ya watu yasije yakayafuata. Kicheko chake siku ile kilikuwa cha kunisaidia kuficha. Na mimi nikaenda kumpa vipimo vya geti. Najichukia kwa zile mita tatu na nusu.

Jumatano, 6 Novemba

Benki. Meneja ni mama mpole, ndiyo maana nilishindwa kumfokea. Nikaanza na kubwa: shusheni mabango yote. Akasema mkataba ni wa miaka miwili na picha ni mali yao. Nikashuka. Basi, shusheni bango la Mafinga peke yake, ndilo ndugu zangu wanalopita. Haiwezekani, njia ile ina wateja wapya. Nikashuka tena. Basi andikeni chini, hata kwa herufi ndogo, kwamba huyu alipata chupa. Akatabasamu.

Nikaomba waniazime lile trekta siku tatu tu. Akasema halikuwa lao. La mshindi lilishakwenda kwake, lile la picha lilikodiwa, likarudi kwa mwenyewe jioni ileile.

Yeye akaja na ofa yake: fulana mbili na vocha ya elfu ishirini. Nimekata bei za vitambaa maisha yangu yote, hakuna siku niliyoshuka hivyo nikaondoka mikono mitupu. Mwishowe akakubali kuniandikia barua ya kuthibitisha zawadi yangu. Niifuate Ijumaa.

Ijumaa, 8 Novemba

Barua ninayo. Bahasha imegundishwa, mhuri juu. Siifungui. Festo aifungue mwenyewe aone haijaguswa na mtu.

Jumatatu, 11 Novemba

Igowole. Nimepita chini ya bango la Mafinga nimejifunika kitenge. Konda alinitambua hivyo hivyo.

Festo alinipokea akitazama nyuma yangu, barabarani. Banda ni zuri. Nguzo zimenyooka, sakafu imefagiliwa. Majirani wawili walikuwa wamekaa humo wanasubiri. Nikampa bahasha. Akaifungua akaisoma kwa sauti, mbele yao: Yusta ni mmoja wa washindi wa promosheni yetu ya Shinda Trekta, na benki imeshamkabidhi zawadi yake kamili.

Chupa haikutajwa popote.

Akaikunja taratibu akanirudishia. "Kumbe wameshakukabidhi." Nikatoa chupa yenyewe kikapuni, na nembo ya benki ubavuni. Jirani mmoja akaangalia pembeni. Festo akaingia ndani, hakutoka tena. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 12 Novemba

Mama aliniletea uji kitandani. Akakaa, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni mwanaume amekuchukulia hilo trekta, mwanangu?" Hata yeye.

Nimeondoka na gari la asubuhi. Festo hakuja kuaga.

Alhamisi, 21 Novemba

Leo benki wamepiga wenyewe. Kuna kampeni mpya ya wakulima, wanataka picha nyingine, nikishika mahindi. Laki moja. Nikasema nataka bei ya maksai wawili. Meneja akasema bajeti hairuhusu, lakini kwa kuwa mimi ni mshindi nina sifa ya kupewa mkopo. Nikakata simu.

Nimeuza oveloki, mashine yangu ya kufungia pindo. Haifiki hata nusu ya ng'ombe mmoja. Nikamtumia Festo pesa zote kwa simu. Baada ya saa moja amezirudisha, pungufu ya makato. Hakuandika neno. Kampuni ya simu ikaniandikia yenyewe, kunipongeza kwa kupokea pesa na kuniuzia kifurushi cha wiki.

Nimelia sana. Hasira zaidi kuliko huzuni.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua imeshika Igowole. Mama anasema wenzao wanapanda. Festo yuko ekari ya kwanza, na jembe la mkono, peke yake. Angeweza kuazima maksai kwa jirani. Haombi. Alishawatangazia wote kwamba mwaka huu yeye ndiye atakayewalimia.

Asipopanda wiki hizi, mama hana cha kula mwakani. Nimefunga kibanda changu cha kushonea, kesho naenda.

Jumatano, 4 Desemba

Siku ya pili shambani. Festo hajanisalimia. Ana mstari wake, nina wangu. Viganja vimetoka malengelenge, sindano imenizoesha vibaya. Matope mpaka magotini.

Mchana alisimama kupumzika, akaongea akiwa amenipa mgongo. "Ungesema tu umeliuza. Ningekasirika, yangeisha. Hili la chupa unanifanya mjinga mbele ya watu." Nilifungua mdomo nimweleze tena. Nikaufunga. Alikuwa amekonda. Shati la baba linampwaya.

Sijui nimfanyie nini. Ukweli nimemaliza wote.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimemwambia nimeliuza.

Ilikuwa asubuhi, kabla ya mvua. Nilisema nilizidiwa na shida za mjini, nikaona aibu, nikatunga habari ya chupa. Nikamwomba anisamehe. Akauliza bei gani. Nikataja ya kwanza iliyonijia, milioni tisa.

Akalilaza jembe lake chini. "Walikupunja, mdogo wangu."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Alinihurumia. Ni mara ya kwanza ananitazama usoni tangu nije na ile barua. Akachukua jembe langu, akalinoa kwenye jiwe, akanirudishia na kunielekeza nianzie upande wenye udongo laini.

Mchana tumekula sahani moja.