Ushuhuda wa Cherehani

Kibanda cha funguo,
Nyuma ya soko la nguo.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Habari za huko, na habari za goti? Barua yako ya mwisho ilisema linakusumbua ukipanda ngazi za kazini, nami nikajiuliza, mtu anayefua mashuka ya hospitali nzima anapandishwa ngazi za nini? Waambie wakuweke chini. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, bado wanazikimbia mboga?

Sisi huku wazima. Mama anakula, anatembea, anagombana na jirani. Siku ukisikia kanyamaza ndipo uogope. Wifi yako anakusalimu sana. Binti yangu, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni akagoma kushuka, siku hizi anauza dawa kwenye famasi na ametugeuza sote wagonjwa wake. Kibanda changu nacho kinakwenda. Watu hawajaacha kupoteza funguo, Mungu azidi kuwasahaulisha.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo. Dada, nimekichoka kikundi. Nataka kutoka.

Sijanywa. Nianze na hilo, maana najua moyo umeshakupiga paa. Miaka kumi na minne tangu mama aniburute pale kwa walioacha pombe, sijaonja hata ya kulamba. Kiu sina. Nilicho nacho ni hasira, tena hasira ya mtu mwenye akili zake.

Tunakutana bado kila Jumamosi mchana katika lile darasa la chekechea, watu wazima na vitambi vyetu tumekalia viti vya watoto, magoti yanagusa masikio. Nani anapanga viti? Mimi. Nani anachemsha chai, nani anaosha vikombe? Mimi. Nani mwenye ufunguo? Mimi, eti kwa kuwa ni fundi wa funguo. Hebu fikiria! Ningeweza kumchongea kila mwanachama wa kwake, lakini miaka yote hiyo hajatokea hata mmoja akaomba. Nikichelewa kidogo nawakuta wamejipanga ukutani, wananitazama kana kwamba nimewaibia.

Juzijuzi Katibu, mwalimu mstaafu, kazua daftari jipya. Ukikosa mara moja uandike sababu, naye aipitishe au aikatae kwa kalamu nyekundu. Mimi niliandika kwamba kulikuwa na mama mmoja amejifungia nje na maharage yako jikoni yanaungua. Akaweka alama ya kuuliza. Mtu mzima na mvi zangu, nimewekewa alama ya kuuliza!

Nikamwendea Mwenyekiti, yule dereva wa lori, nikamwambia kwa adabu kwamba nafikiria kupumzika. Akanishika bega, akatikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani. "Ndugu yangu, hiyo siyo sauti yako. Hiyo ni chupa inaongea." Hapo ndipo wanaponimaliza, dada. Ukikasirika, chupa. Ukinyamaza, chupa. Ukisema umechoka kubeba viti, chupa ndiyo iliyochoka. Sasa mtu atatokaje mahali ambapo kutaka kutoka ndiyo dalili ya ugonjwa?

Nyumbani nako hakuna nafuu. Wifi yako amekuwa akinitania miaka nenda rudi, "Wewe na hicho kikundi si muoane tu, mimi niwapikie?" Nikadhani nikitoka atapiga vigelegele. Jumamosi moja nikabaki nyumbani, nikatengeneza mlango wa jiko uliokuwa ukilia. Jioni nimevua shati, namwona kwenye kioo analinusa. Hakujua nimemwona. Akalikunja vizuri, akaenda zake. Jambo hilo liliniuma kuliko ile alama ya kuuliza.

Basi, ningeweza kuishia hapa, nikuache uamini kwamba nataka kutoka kwa sababu ya viti, daftari na dereva. Ni kweli vinanikera. Lakini tangu asubuhi nimeichana barua hii mara mbili, na kila mara nimeichana hapahapa. Sasa nakuandikia yale ambayo hatujawahi kuyagusa, mimi na wewe.

Pale kikundini wananiita Cherehani. Wanachama wote, hata mlinzi wa shule. Kuna kanuni yetu kwamba mgeni asiondoke siku ya kwanza bila kusikia ushuhuda wa mkongwe, na mkongwe ni mimi, na ushuhuda wangu ni wa cherehani yako. Namna ulivyotoka asubuhi kununua vitambaa vya sare za shule, namna nilivyoibeba begani mchana kweupe, nikaiuza, nikainywa. Hilo nimelisema mbele za watu mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu. Hukuwahi kuulizwa kama unataka.

Lakini kibaya zaidi ni mwisho wake. Mwaka wa pili alikuja mama mmoja, mpishi wa hotelini, analia hajiwezi. Nilipomaliza akaniuliza, "Kisha dada yako akafanyaje?" Nikamwangalia machozi yale, nikakosa ujasiri. Nikasema dada aliweka vitambaa chini, akanikumbatia, akanisamehe palepale. Yule mama akatabasamu. Darasa zima likapiga makofi. Basi nikaiacha hivyo. Wiki iliyofuata nikatia chumvi kidogo, ukawa umeniita "mdogo wangu" na kulia pamoja nami. Mwenyekiti kaipenda hadi nikiruka ananikumbusha, "Na lile kumbatio, Cherehani!"

Wewe unajua ilivyokuwa. Nami najua, ingawa nilikuwa nimelala sakafuni nikijifanya sisikii. Uliingia na mzigo kichwani. Ukaziona zile alama nne za miguu ya cherehani pale penye sakafu safi. Hukupiga kelele. Ulikaa kitako ukaanza kushona kwa mkono, siku tatu, mpaka kidole kikavimba, na wenye watoto wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Miezi minne baadaye ulikwenda huko kufua mashuka ya watu, wewe uliyekuwa na wateja mpaka mtaa wa tatu. Uliwaaga wote. Kwangu ulipita kama unapita kwenye mlango uliofungwa. Barua yako ya kwanza ilikuja baada ya miaka miwili, ikauliza habari za mvua, nami kwa furaha nikakujibu habari za mvua, na tangu hapo tunaandikiana vizuri kama watu wasio na jambo.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita alikuja fundi rangi mmoja, mtu wa makamo, mikono ina madoa ya chokaa. Alikuwa ameuza baiskeli ya kaka yake. Akasikiliza ushuhuda wangu, macho yote kwangu. Alipotoka tu akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, kifua mbele, akasimama mlangoni akingoja kukumbatiwa. Kaka akamfungia mlango, majirani wakitazama. Akanywa siku nne mfululizo.

Jana karudi. Hajanyoa, shati limegeuzwa ndani nje. Hakukaa. Alisimama katikati ya vile viti vidogo akaniuliza bila ukali wowote, "Mzee Cherehani, dada yako alikukumbatia kweli?"

Mwenyekiti akadakia, "Aah, sana tu!" Wote wakanigeukia. Nami, dada, nikasema ndiyo.

Yule bwana akaitikia kwa kichwa, akasema basi kosa liko kwake yeye. Kisha akakaa. Nikaosha vikombe, nikafunga mlango, nikarudi nyumbani nimejaa ghadhabu na watu wote, Mwenyekiti, Katibu na kalamu yake, hata huyo fundi rangi kwa kuniuliza. Ilinichukua mpaka asubuhi ya leo kujua ni nani hasa ninayemkasirikia.

Nikitoka sasa, lile kumbatio litabaki pale darasani, na Mwenyekiti atawasimulia wageni hata mimi sipo. Kwa hiyo sitoki. Usidhani nimerudisha moyo wangu wote, bado nina hasira nao na nitawaambia. Nimechonga ufunguo wa pili. Jumamosi nampa Mwenyekiti, viti apange atakaye, chai achemshe Katibu na alama zake. Mimi nitaingia kama wengine, nitakaa nyuma karibu na yule fundi rangi, na zamu yangu ikifika nitasimulia za sakafu, za kidole, na za miaka miwili bila barua. Wakisema ni chupa inaongea, na iongee.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba wao anawauliza. Mama anasema uvae viatu vya chini. Wifi yako nimemsomea barua yote, hata pale pa shati. Amenuna, kisha akasema niongeze kwamba anakukumbuka. Mungu akulinde kazini na njiani, na goti akuponye yeye mwenyewe, maana hao madaktari wako naona wanajua kuchafua mashuka tu.

Dada, miaka zaidi ya kumi nimewaambia watu kwamba umenisamehe, na wewe sijawahi kukuomba. Sasa nakuomba. Nisamehe kwa cherehani yako. Barua hii haitakufikia kabla ya Jumamosi, na hata ikikufikia usijilazimishe kujibu. Watakaponiuliza mwisho wake ulikuwaje, nitawaambia nimekuomba msamaha, sijajibiwa.

Mdogo wako akupendaye, tena aliyeona aibu kukwambia,

Fundi funguo