Siagi Isiyovumilia Safari

Jumanne, mawingu tangu asubuhi. Mvua ya kwanza imelaza vumbi la Dilala, mtaa wetu hapa Kolwezi, na ningepaswa kufurahi, maana wiki nzima tumekuwa tukikohoa na kufuta meza. Sifurahi. Naandika haya kwenye simu.

Naogopa. Bora niseme mapema.

Nilikusudia leo niandike habari za siagi. Kweli kabisa, siagi. Wiki iliyopita daktari aliniambia kwamba presha ya mama yangu imepanda, damu yake imejaa mafuta na mishipa ya moyo inaanza kubana. Akaniuliza anapaka nini kwenye mkate. Nikamwambia: siagi ya kopo, ile ngumu ya njano yenye chumvi, kila asubuhi tangu nimjue. Daktari akashika kichwa. Akanifundisha kusoma nyuma ya kopo. Nikiona neno hydrogéné, yaani mafuta yaliyogandishwa kiwandani, nirudishe kwenye rafu. Nichukue ile laini ya mafuta ya alizeti, isiyo na chumvi, naye apake kidogo tu. Siku nyingine ale avoka, au karanga zilizosagwa bila sukari. Akiendelea na lile kopo, alisema, moyo hautamfikisha mbali.

Jambo dogo, utasema. Badilisha siagi, mama apone. Tena mimi ni mwalimu wa darasa la nne, nawafundisha watoto wa watu vyakula vya kujenga mwili. Nitashindwaje na mama yangu mwenyewe?

Nilishindwa wiki nzima.

Mama Kapinga, mama yangu, hachagui siagi kwa utamu wala kwa afya. Anauliza swali moja tu: itakaa muda gani bila frigo, yaani bila jokofu? Chini ya kitanda chake kuna mfuko wa safari. Ndani mna blanketi, sukari, chumvi, sabuni, vyeti vyetu vya ubatizo na kopo la siagi ambalo halijafunguliwa. Kopo jipya likiingia mfukoni, la zamani linatoka, linakuja mezani, tunapaka. Nimekua hivyo. Sijawahi kula nyumbani kwetu siagi iliyonunuliwa ili iliwe. Nimekula siagi iliyonunuliwa kwa ajili ya kukimbia.

Kwa anayenisoma kutoka mbali: sisi asili yetu ni Kasai. Babu aliletwa huku kuchimba shaba, baba akazaliwa Musonoi, mimi nikazaliwa hapa Kolwezi. Lugha ya Kasai naielewa, kuizungumza naona haya. Lakini miaka ile kampuni kubwa ya migodi ilipoanguka, mishahara ikakatika na posho ya unga ikakoma, watu wakatafuta wa kumlaumu, wakatupata sisi. Wakatuita bilulu, wadudu. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba turudi kwetu. Tukatoka na vile mikono ilivyoweza kubeba, tukalala chini ya maturubai pale stesheni, gare kama tunavyosema hapa, tukingoja treni ya kwenda Kasai, ambako sikumjua hata mtu mmoja.

Nilikuwa mdogo, ila kopo nalikumbuka. Mama alilinyakua mezani wakati wa kutoka, na mpaka leo hajui kwa nini alishika lile akaacha sufuria. Kule gare alikuwa akichota kwa ncha ya kijiko, anatia kwenye uji wangu na wa mdogo wangu Mbuyi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Kopo likaisha. Treni ikachelewa. Kuhara kukaingia kwenye maturubai.

Mbuyi hakupanda treni.

Tulirudi baada ya miaka, kwa sababu kwetu ni hapa, hatuna kwingine. Mama alinunua kopo kabla ya kununua godoro. Kwa hiyo nikimwambia habari za moyo na mishipa, anasema kwamba kopo ndilo lililonifikisha mimi Kasai nikiwa hai.

Sasa leo. Nimetoka shuleni nimejikaza: leo nanunua ile laini, atake asitake. Mwezi mzima huu maneno yamekuwa yakizunguka kwenye simu za watu, kwamba wageni wamejaa, wageni wanachukua kazi, kila mtu arudi kwa babu zake. Nilijidanganya kwamba ni maneno ya simu. Nilipofika kona ya duka, pikipiki zikanipita, vijana watatu watatu juu ya kila moja, wanaimba. Ni wimbo uleule. Wale watoto walikuwa hawajazaliwa miaka ile! Nani amewafundisha? Nikaingia dukani haraka.

Mwenye duka ni Tata Banza, mtu wa kaskazini ya mkoa huu wa Katanga, si wa Kasai kama sisi, ametuuzia vitu tangu turudi. Kwa kawaida mkono wake unaenda kwenye kopo kabla hata sijamsalimia. Leo ameweka mawili kwenye meza.

"Mama, leo beba mbili."

Nikamuuliza kwa nini mbili. Hakunitazama, alikuwa anatazama barabara.

"Beba tu. Mi nakuambia kama dada yangu."

Afadhali angenitukana. Wimbo wa vijana ulinitisha, lakini wema wa Tata Banza ulinitisha zaidi, kwa sababu yeye si mtu wa maneno mengi na hajawahi kunionya kwa kitu chochote.

Nikasema nataka ile laini, ya frigo. Akanikodolea macho kama nimeomba viatu vya arusi siku ya msiba.

"Ya frigo? Leo? Mama, ile haifike hata Likasi. Itakuwa mayi mu njia." Yaani itayeyuka iwe maji njiani, hata kabla ya kufika mji wa jirani.

Nilichukua ile laini, nikaishika mkononi waziwazi. Kisha nikachukua na kopo moja, nikalificha chini ya nyanya. Ndiyo. Mimi, mwalimu, niliyemhubiria mama wiki nzima.

Nyumbani nilitegemea kumkuta Mama ameshatoa mfuko uvunguni. Wimbo alikuwa ameusikia, pikipiki zilipita mbele ya geti letu. Nilimkuta amekaa mezani, chai tayari, mkate umekatwa. Akaichukua ile siagi akaigeuzageuza kama anavyogeuza kila kitu.

"Hii inaoza siku gani?"

"Ukishafungua, haifiki mwisho wa mwezi. Umeme ukikatika, siku chache tu."

"Na mu njia?"

"Mu njia haiwezi, Mama."

Akafungua. Akapaka kidogo, vizuri, mpaka pembeni mwa mkate. Akatafuna bila haraka.

"Iko muzuri," akasema. "Haina chumvi, lakini iko muzuri. Kumbe njo vile batu banakulaka." Yaani kumbe ndivyo watu wengine wanavyokula siku zote.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, nakwambia! Nilisahau wimbo, nilisahau kila kitu, nikaanza kumwambia kesho nitamletea avoka. Yeye akaingiza mkono kwenye kikapu kutoa nyanya, akatoka na kopo.

Hakunigombeza. Alilishika kwa mikono miwili, akasimama, akaenda vyumbani. Nikasikia anaburuta kitu. Nilipomfuata, alikuwa amepiga magoti chumbani kwangu, anasukuma mfuko wa safari chini ya kitanda changu, na kopo jipya ndani yake.

"Ni yako sasa," akasema. "Mi sitakimbia tena, mutoto wangu. Mbuyi iko kule ku gare. Nilimuacha mara moja, inatosha. Bakikuja, wewe wende. Mi batanikuta hapa, nakunywa chai yangu."

Nilikaa kitandani nikalia, naye akanipapasa mgongo kama zamani, halafu akarudi kwenye chai yake.

Wiki nzima nimepigana achague siagi isiyoweza safari. Basi amechagua. Daktari atafurahi, moyo wake huenda ukadumu. Lakini utadumu hapa, kwenye barabara hii, na pikipiki zile zitapita tena. Wakija kweli, nifanye nini? Mtu anambebaje mama yake asiyetaka kubebwa? Na mimi nitatoka na ule mfuko nimwache mezani?

Sasa giza linaanza kuingia, mvua imerudi, na nje ni kimya. Mama ameniita kutoka jikoni, kuuliza kama mkate wa kesho upo. Nimemjibu upo.

"Basi rudisha siagi mu frigo," amesema, "isioze bure."

Nimeirudisha.