Neno Ulilonitolea Nina Miaka Kumi na Tatu

Babu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti yako nzito, mpaka Mama kanichungulia mlangoni akidhani nimepandwa na shetani.

Nina habari itakayokuchekesha: mimi sikimbii tena. Natupa tufe! Mjukuu wako uliyekuwa ukimwita paa wa mji wa Ibra sasa ana mabega ya mchukuzi, na anakula wali sahani mbili bila ya kuulizwa na mtu. Nimeanza chuo hapa hapa nchini, mjini Nizwa, nasomea ualimu wa hesabu, na kila Alkhamisi jioni tunakutana uwanjani wasichana sita. Tunacheka kuliko tunavyotupa.

Najua utauliza: na yule mwalimu wa mbio je?

Unakumbuka alivyokuja kutoka chuo cha ng'ambo, nami nina miaka kumi na tatu, miguu kama vijiti. Alisema wananiwekea nafasi, na nitasoma bure nikifika umri wa chuo. Wewe ukavaa kanzu ya Idi, ukafukiza udi, ukamwekea halua kama aliyekuja kuposa. Alipotaka jibu ukamwambia, "Kunywa kahawa yako, bwana. Mtoto wenu huyu." Na walipokuja wa vyuo vingine viwili ukawarudisha: "Huyu kashaposwa. Sisi hatuozi mara mbili." Mimi nyuma ya pazia nimejiziba mdomo nisicheke.

Babu, wao hawakujua kama wamechumbia. Mwezi mmoja baada ya arobaini yako ikaja barua pepe ya mistari minne. Yule mwalimu kaacha kazi, aliyeshika nafasi yake anatafuta wengine, wananitakia kila la kheri. Mama alilia kama tuliopewa talaka tatu. Mimi nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikacheza ngoma peke yangu. Wallahi nilicheza.

Sasa nikwambie nililokuficha. Nilipotimia kumi na tano mwili ulibadilika, goti likaanza kuuma, na mbio zikanitoka moyoni. Nawe kila alfajiri unanipeleka njia ya Mudhaibi, unaendesha polepole nyuma yangu, unanipigia honi: "Twende, bibi harusi!" Nakimbia nimeuma meno. Nilikuwa naogopa nikisimama watu watasema mzee yule hana kauli. Umeondoka ukidhani nakimbia kwa furaha. Goti limepona zamani, Babu, lakini hilo bado linaniuma.

Mdogo wangu Raya ana miaka kumi na miwili sasa, anaruka kama panzi. Wiki iliyopita kaja mtu shuleni kumtazama, anataka ahadi. Mama akanipigia simu, ajibu nini? Nikamwambia amjibu mtu huyo arudi Raya akitimia kumi na saba. Mama akasema, basi si tumuulize mwenyewe? Nikakataa. Kwa sababu hata wewe ungeniuliza siku ile, ningesema ndiyo. Kwa nilivyokuwa nakupenda, ningesema ndiyo kwa lolote.

Lala pema, Babu wangu. Sijakukasirikia hata kidogo, na ningekuwa na uwezo ningekuleta Alkhamisi hii ukae kitini utupigie kelele. Nakuahidi Raya ataruka kwa raha zake, na hapana atakayemtolea neno mpaka awe amejua kumkatalia mtu anayempenda.

Mjukuu wako,
Zuwena