Upande wa Nje Walionisukia Kina Mama wa Igurwa

Jumamosi, Novemba. Mvua imenyesha alfajiri ikakatika, kisha likatoka lile jua la baada ya mvua linalochoma utosi. Nimerudi nyumbani na matope hadi magotini, na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nianze na Ta Byarugaba, maana yeye ndiye aliyeuharibu mpango wangu, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: tunaandaa maonyesho ya sanaa Nyakasimbi, mimi mchora mabango ya maduka, pamoja na kina mama wanaosuka mikeka kule Igurwa. Tumeyaita Sura na Nafsi. Kila mshiriki ana mikeka miwili iliyoshonwa mgongo kwa mgongo na kuning'inizwa katikati ya migomba. Upande wa nje unasukwa na wenzako, jinsi wanavyokuona. Upande wa ndani unautengeneza mwenyewe, na hakuna wa kukuuliza.

Ta Byarugaba ndiye mzee aliyetupa kibanja chake, shamba la migomba linaloizunguka nyumba yake. Nilimwomba jambo moja tu: asiyaguse majani makavu yanayoning'inia upande wa barabara. Nilitaka mgeni ayapangue kwa mikono yake ndipo aione mikeka. Alikubali kwa kichwa na kwa mdomo.

Leo tumefika, kibanja kimepogolewa chote. Majani makavu yametandazwa chini, migomba imesimama safi kama wanafunzi siku ya mkaguzi.

"Shikamoo, Ta," nikasema.

"Marahaba, mwana wange. Nimewafanyia usafi. Wageni wataingiaje kwenye kibanja kichafu, waitu? Si watasema humu hamna mwenyewe?"

Huku kwetu mtu akisikia wageni wanakuja, panga linatoka lenyewe. Nilimshukuru, na nilikuwa nimekasirika, vyote kwa pamoja. Maana sasa anayepita kwenda gulioni anaona hadi mlangoni kwa mzee. Mikeka yote itaonekana kutoka barabarani, upande wa nje ukiwa mbele. Na wangu ukiwemo.



Sijawahi kuliandika hili hapa. Nina mabaka meupe usoni, kuzunguka mdomo na chini ya jicho la kushoto. Yalianza nikiwa shuleni Muleba, na tangu hapo kila asubuhi, kabla hata ya chai, nakaa mbele ya kioo nayafunika kwa krimu na poda. Wazo la maonyesho haya ni langu mwenyewe. Nimewahubiria watu habari za sura na nafsi mpaka nikawachosha. Lakini tangu tukubaliane kwamba wengine ndio watakaonisukia upande wa nje, nimekosa raha. Kina mama wanajua. Jasho la Igurwa halimbakizii mtu poda hadi saa sita mchana. Wao hawajawahi kusema kitu, na mimi sijawahi kusema kitu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaandaa la kusema: sisi waandaaji tusiweke mikeka yetu, tuwaachie wengine nafasi. Lilisikika kama unyenyekevu. Ilikuwa ni hofu tu.

Ma Koku, kiongozi wa wasusi, hakunipa nafasi ya kufungua mdomo. Aliukunjua mkeka wangu na kuutandaza juu ya majani aliyoyakata Ta Byarugaba.

Miguu.

Miguu miwili mikubwa, iliyosukwa kwa magome meusi ya mgomba, imepiga hatua pana, matope hadi magotini. Nyuma yake kuna ndoo ya rangi inayomwagika njia nzima. Uso hakuna. Kina mama walicheka hadi mmoja akakaa chini.

"Wewe hujui kutembea," Ma Koku akaniambia. "Unakuja kama umeitiwa moto. Tukisikia vishindo vyako pale kwenye kona tunaambizana, haya, kazi imefika."

Nilicheka nao. Kisha nikajikuta nimeshika mdomo wangu na kuuliza kwa sauti ya chini, "Na uso, Ma? Na haya?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za ng'ombe wa jirani.

"Hayo? Tulikaa tukakumbuka mambo yako yote, hakuna aliyeyataja. Kama unayataka, yaweke upande wako. Wetu umeisha."

Miaka yote hii nimeamini mabaka ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtu anakiona kwangu, na mengine yote yanafuata nyuma. Kumbe watu wanaonifahamu wananijua kwa vishindo. Nililia kidogo. Ta Byarugaba alidhani nayalilia majani yake makavu, akaniapia kwamba hatagusa tena panga hadi mwakani. Nikacheka na kulia pamoja, na mzee wa watu akazidi kuchanganyikiwa.

Nashukuru, jamani. Nawashukuru wale kina mama walioketi na kuzungumza juu yangu nisipokuwepo na wasipate cha kunisengenya zaidi ya mwendo. Namshukuru hata mzee na panga lake. Tumekubaliana mikeka ibaki kuelekea barabarani, na mimi ndiye niliyeomba wangu utangulie.

Sasa umelala hapa mezani, umegeuzwa upande wa ndani. Mtupu. Asubuhi nilikuwa na hakika nitachora nini hapo: yale mabaka, si kingine. Leo jioni sina hamu nayo tena, na nimeshikwa na woga wa aina nyingine. Nikiyatoa hayo, ndani kwangu kuna nini? Sijui. Sikuwahi kupata muda wa kutazama, kila asubuhi nilikuwa nafunika.

Kesho asubuhi nitakuwa na muda.