Nyati wa Maabara Ana Alama ya Ukoo Wetu

Jumanne. Ukungu umefika mpaka mlangoni, na baridi hii haijanipoza hasira hata kidogo.

Nasoma sayansi ya kompyuta, mwaka wa pili. Likizo ndefu hii nilitaka kitu kimoja tu: kazi ya kuandika programu kwenye maabara ya utafiti. Niliomba kila mahali. Wengi hata "tumepokea" hawakusema. Ikajibu maabara moja, ile inayohesabu wanyama wa Ngorongoro kwa kamera zilizofungwa mitini. Wakanitumia programu yao na picha, nitafute makosa. Huo ndio usaili.

Jumamosi nimekaa nje, kompyuta mapajani. Baba akapita na fimbo yake, akachungulia picha moja ya alfajiri. Programu ilikuwa imeandika chini yake: nyati.

"Nyati wa wapi?" akasema. "Huyo ni Nanyokie, ng'ombe wa mama yako. Angalia sikio."

Nikaangalia. Sikio limekatwa alama ya ukoo wetu, kama ng'ombe wote wa boma hili. Nikafungua picha nyingine. Masikio ya kwetu, tena na tena! Wasomi wazima, kompyuta za bei mbaya, wanawaandika ng'ombe wa kwetu kwenye ripoti kuwa nyati.

Mimi nami si wa kusifiwa. Kwenye maombi nilijaza kuwa natoka Karatu mjini. Niliona haya kuandika Endulen, kijijini kwetu, wasije wakaniita mshamba. Mjinga mimi.

Ili kuwaeleza nimejuaje, ikabidi niseme kwetu ni wapi. Nikasema. Nikarekebisha programu itazame masikio, nikawatumia.

Leo wamejibu. Wamefurahi mno kusikia mimi ni Mmaasai! Nafasi ya programu eti "bado inafikiriwa", ila wanahitaji mkalimani wa kuongea na wazee. Kuhusu kazi niliyowafanyia, hakuna hata neno. Nimesonya mpaka ndama akageuka.

Na bado niliandika: "Asante sana, nimekubali."

Kwa vidole vyangu mwenyewe! Nilipoyasoma maneno hayo nilijidharau kuliko nilivyowadharau wao. Nikayafuta, nikaandika mengine: "Hao nyati wenu tunawakamua hapa kila asubuhi. Mnahitaji mtu wa kuirekebisha programu, na mtu huyo ni mimi. Mkalimani tafuteni mwingine."

Nimeshatuma. Na hiyo ndiyo maabara pekee iliyonijibu. Lakini ningewatafsiria vipi wazee maneno ya watu wasiomjua hata ng'ombe?