Babu Yako na Ndoo ya Shombo

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia hapa Mtoni, nami naijibu: marahaba. Mjomba wako amepata mtoto wa kiume, mguu wangu umepunguza kuuma, na arobaini ya babu yako tuliimaliza vizuri.

Umeniuliza nilimpendea nini. Nilimpendea ndoo.

Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha samaki, kwenye tangi la mawe. Maji machafu yalipitishwa juu ya mawe hayo, na utelezi ulioota pale, ambao ni vijidudu hai, ulikula uchafu kabla maji hayajaenda baharini. Idd moja kiwanda kikafungwa, utelezi ukakosa chakula. Ukifa, na kazi ya babu yako imekufa.

Siku hiyo ndiyo aliyokuja kujitambulisha kwetu. Mama yangu alikuwa muuza samaki wa kukaanga, hata Idd haachi.

"Nikupakulie pilau, mwanangu?" akamuuliza.

"Ahsante, mama. Naomba yale maji uliyooshea samaki."

Shangazi akanong'ona, "Mchawi huyu!"

"Nakwenda kulisha utelezi wangu," akaeleza, na mambo yakazidi kuharibika.

Mama akampa ndoo. Akaondoka nayo mkononi, amevaa kanzu nyeupe, paka wa mtaa mzima nyuma yake. Nikajua posa imekwisha. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

"Anayekumbuka njaa ya utelezi siku ya Idd, wewe hatakulaza njaa," akasema. "Ila akija tena, aoge."

Kweli hakunilaza njaa. Shombo ile sasa naitafuta kwenye mashati yake, lakini mama yako kayafua yote.

Akuombeaye kila swala,
Bibi yako